Kompyuta ya Siku za Eda

Masika ya mwaka tisini na sita yalinyesha Pangani bila kuchoka, na katika masika hayo Nadhira binti Mwinyimvua, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliwekwa ndani kama walivyowekwa mama yake na bibi yake walipovunja ungo. Kungwi alikuja asubuhi akaondoka adhuhuri. Saa zilizobaki zilikuwa zake, za kusikiliza maji juu ya bati. Ami yake, baharia wa meli za mizigo, alikuwa amemletea kutoka Muskat kijimchezo cha mkononi cha plastiki ya kijivu. Vitofali vilianguka kimoja kimoja kiooni, naye akavipanga mpaka safu ikajaa na kutoweka. Betri zilipoishiwa nguvu alizianika dirishani kijua kilipotokeza, zikapata uhai wa nusu saa nyingine. Alicheza hivyo wiki nzima, hata siku moja tarakimu za alama zikafika mwisho wake, tisa tupu, zikagoma kuongezeka. Akamwita kaka yake Abdulswamad aje ashuhudie. Kaka alipofika, betri zilikuwa zimekwisha na kioo kimekuwa cheusi.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, akaenda zake.

Nadhira aliolewa Bagamoyo, mtaa wa Dunda, na Feisal, mtu mpole aliyekuwa na kijiduka cha kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Mungu hakuwajalia mtoto. Katika watu wote aliowahi kuwasimulia habari ya zile tisa tupu, Feisal peke yake ndiye aliyeamini pasipo kucheka. Akamwahidi kompyuta ya michezo, iliyoundwa kipande kwa kipande kwa ajili yake, ambayo angeendesha ndani yake malori makubwa katika barabara za nchi za mbali. "Nitakutembeza mpaka uchoke," alizoea kusema, "na viatu vyako viko mlangoni."

Feisal alinunua kwanza kile kilichompendeza machoni: kasha la chuma lenye ubavu wa kioo. Lilikaa tupu juu ya kabati mwaka mzima, na Nadhira akalifuta vumbi kila Ijumaa. Kisha ikaja ramu, ule ubapa mwembamba wa kumbukumbu, ukiwa umefungwa katika leso. Baada ya hapo hakikuja kitu kingine. Feisal alianguka mlangoni mwa duka lake, ufunguo ukiwa mkononi, wala hakuamka.

Nadhira akaingia edani, miezi minne na siku kumi. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mumewe, na mashemeji zake walimweleza kwa upole kwamba ingeuzwa eda itakapokwisha. Abdulswamad angekuja kumrudisha Pangani. Nadhira hakubisha. Alitaka jambo moja tu: aimalize kompyuta ile, aione ikionesha picha ndani ya chumba kile, katika pembe ile ambamo Feisal alikuwa amepima kwa shubiri mahali pa meza yake, kabla chumba hakijawa cha mtu mwingine. Nyuma ya kioo cha ukutani alikuta bahasha yenye shilingi laki tano, imeandikwa kwa mkono wa marehemu: *Mashine ya N.*

Kwa kuwa hakuweza kutoka, alimpigia simu Mihir. Mihir aliuza vifaa vya umeme na kompyuta zilizotumika katika duka la baba yake karibu na soko, na alikuwa rafiki wa Feisal tangu utoto.

"Shemeji, prosesa kubwa ya nini?" Mihir alimwambia alipomsomea orodha yake. "Ukimaliza hela zote kwenye ubongo, utaonea wapi?"

"Kwani kinachoonesha ni kipi?"

"Kadi ya picha. Lori lako litakwenda kwa hiyo. Prosesa na madabodi, ule ubao wa kuchomekea vyote, chukua vilivyotumika, vya kiasi tu. Lakini pawa saplai usinibane, hiyo nunua mpya. Umeme wetu unaujua mwenyewe."

"Na skrini?"

"Televisheni si unayo?"

"Ipo. Imefunikwa tangu msiba."

"Basi itafaa," akasema.

Wiki mbili Nadhira aliandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena. Alipunguza diski kwa nusu ili kadi ya picha ipande daraja moja. Aliirudisha diski, akayawaza malori yakikwamakwama, akaipunguza tena. Alipoamua, alimtuma Bi Ashatu, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mtu mzima aliyemletea uji tangu siku ya kwanza ya eda.

Bi Ashatu alirudi na kikapu kichwani. "Hodi! Mizigo ya mwenye eda!"

"Karibu, Bi Ashatu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea matumbo ya mashine yako. Na hili la feni mbili, mbona kama jiko la kupikia?"

"Ndiyo kadi ya picha hiyo. Mihir aliiwasha ukaona?"

"Alitaka! Ameshashika nyaya zake, eti, 'Subiri bibi niijaribu, haijaguswa tangu itoke Dar.' Nikamwambia, Mihir baba, wewe umekula biriani ya harusi ya Feisal, umesimama makaburini na jua lote lile, leo nikupime mimi? Tia kikapuni. Akaona haya, akatia."

Nadhira aliitazama kadi. Alijua kwamba hata angekwenda mwenyewe, angesema maneno yayo hayo. Alikolelewa, chenji ya jirani haihesabiwi mbele yake, na bidhaa ya nyumba yenye msiba haijaribiwi dukani, kwani ni sawa na kumwambia muuzaji kwamba unamdhania mwizi. Akashukuru, akaifunika.

Kompyuta aliiunda polepole, asubuhi kwa asubuhi, kwa bisibisi ya miwani ya Feisal, akifuata mafunzo katika simu. Prosesa aliitia mahali pake kwa ncha za vidole. Siku ya mwisho ya eda, baada ya alasiri, aliondoa kitambaa cha kufuma juu ya televisheni, akaunga waya, akabonyeza.

Feni zilizunguka. Taa ya buluu ikawaka nyuma ya kile kioo alichokifuta Ijumaa zote zile. Televisheni ikabaki nyeusi.

Alizima, akawasha. Akabadilisha waya. Hatimaye akaitoa kadi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na chini ya feni akaiona kutu ya kijani, ile inayokula nyaya za nyumba zote za pwani.

"Nimekosa, shemeji," Mihir alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini. "Na bila kadi, madabodi ile haina njia nyingine ya kutoa picha. Kesho saa tatu nafungua, nakubadilishia."

Abdulswamad alikuwa amekwisha fika na gari, na mashemeji walikuwa wakisubiri funguo asubuhi. Alisimama mlangoni akatazama taa ya buluu na televisheni nyeusi.

"Inafanya kazi hiyo?"

"Bado."

"Basi ifunge, dada. Kesho saa nne tunaondoka." Yale masika hakuyakumbuka, na Nadhira hakumkumbusha. Akavingirisha kasha katika blanketi.

Asubuhi alioga, akavaa baibui, akatoka nje kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi. Bi Ashatu alimfuata nyuma. Mihir alisimama alipowaona, na mkononi tayari alikuwa na kadi nyingine.

"Chukua hii, shemeji. Sitaki hata senti."

"Ijaribu."

"Hii nzima, nakuapia."

"Nadhira, mwanangu," Bi Ashatu akanong'ona, "usimwaibishe mtu dukani kwake."

"Nia yako naijua, Mihir. Ijaribu mbele yangu."

Mihir akainamisha kichwa, akaunga nyaya. Skrini ya dukani ikatoa picha: uwanja mtupu wa buluu na mshale mdogo mweupe. Nadhira aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nje, Abdulswamad, aliyekwisha kukabidhi funguo na kupakia mizigo, akapiga honi.

Nyumba ya Dunda imekwisha uzwa, na namba ya simu ya Nadhira haipatikani tena. Bi Ashatu akiulizwa kama kadi ile ilipata kutiwa mahali pake, husema hajui. Anachokijua ni kwamba Jumatatu ile, saa nne na robo, Nadhira aliifunga kadi katika leso, akaitia kikapuni, akapanda gari la kaka yake, na gari likashika njia ya Pangani.