Wageni Watakaa Wapi

Tulikuwa sebuleni kwetu Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Maskati, mimi na mama, tunachagua pa kukaa wiki moja Roma. Nilimwonyesha kwenye simu chumba kidogo katikati ya mji. Dirisha lake lilitazama chemchemi, na mwanga wake wa rangi ya asali nilikuwa nikiuota siku tatu.

"Kizuri," mama akasema. "Wageni watakaa wapi?"

"Mama, Roma hatumjui mtu!"

"Nyumba haina pa kumweka mgeni, mie nna kazi nayo gani?"

Nilinuna, lakini tukachukua nyumba ya mbali, yenye sebule pana. Huko Roma, kila alasiri mama aliandaa tende na chupa ya kahawa, akakaa kuelekea mlango. Hakuja mtu.

Siku ya nne nilirudi kutoka matembezini peke yangu, kichwa kimejaa kengele na vivuli, ufunguo nimeusahau. Nikapiga hodi.

"Karibu, karibu!"

Alifungua, mtandio keshautengeneza kichwani. Aliponiona hakucheka. Alinikalisha, akanimiminia kahawa, akaniuliza habari za mjini. Nikamweleza zote, mpaka jua likazama.

Miaka yote Maskati, sikuwahi kukaa naye hivyo.