Kifaru cha Baba Mkubwa

Juzi, pale Mikumi, niliona lori refu limebeba kifaru cha jeshi, nikamkumbuka baba mkubwa, aliyekuwa mpiga mzinga katika vita vya Uganda.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyumbani Kidodi, harufu ya miwa iliyochomwa ikiwa imetanda, alisema ghafla, “Tuliingia wanne ndani ya kifaru. Nikatoka peke yangu.”

Mimi nilijua kifaru ni yule mnyama wa mbugani mwenye pembe.

“Wenzako aliwameza?” nikamuuliza.

Alinijibu huku malori ya miwa yakinguruma barabarani, “Ndiyo, mwanangu. Aliwameza.”

Kisha akalia. Mama alitoka jikoni akaniuliza nimemfanya nini, nami sikujua. Hata leo, ninapojua kwamba kifaru kile kiliwaka moto, sijui ningemjibu mama nini.