Popo wa Dari Yetu na Mama Mkwe

Mwaka nilipojifungua mtoto wa kwanza nilikasirikia kila kitu: landhi yetu, nyumba ya wafanyakazi wa reli pale Nakuru, mume wangu, na zaidi ya yote popo waliokaa juu ya dari. Mavi yao yalipenya nyufa yakadondokea nepi nilizoanika chumbani. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kabazi kunitunza, akasema popo na mtoto mchanga hawalali nyumba moja. Kwa mara ya kwanza tukakubaliana.

Mume wangu akaleta werevu wake. Alingoja magharibi, popo wakatoka kwenda kula wadudu upande wa ziwani, naye akapanda ngazi akaziba tundu chini ya mabati kwa udongo na vipande vya gunia.

"Kwisha maneno," akasema. "Wote wametoka."

Wote! Skuli nilifundishwa kwamba popo si ndege, anazaa na kunyonyesha, lakini hata mimi sikufikiri. Hatujamaliza ugali, juu ya dari zikaanza sauti nyembamba, nyingi. Mtoto wangu alikuwa amelala fofofo, na bado blauzi yangu ikalowa maziwa. Kisha mama zao wakarudi. Walikwaruza mabati, wakazunguka, wakarudi tena.

"Panda ufungue," nikamwambia mume wangu.

"Si asubuhi ulitaka niwachome?"

"Asubuhi sikujua kuna watoto. Panda, ama nipande mwenyewe na mishono yangu."

Akacheka, akamgeukia mamake amtetee. Mama mkwe akaweka bakuli chini.

"Unanitazama nini? Ngazi iko nje."

Akafungua. Wakaingia, kila mmoja akimtafuta wake kwa sauti, mpaka kelele ikaisha.

Kesho yake jirani yetu, mzaliwa wa Mombasa mwenye ulimi mrefu, akanikuta bombani. "Kumbe wasomi siku hizi wanafuga popo?"

Kabla sijamrukia, mama mkwe akajibu kutoka mlangoni: "Ni mimi nimewakataza kuziba. Una neno?"

Jirani akabeba ndoo yake akaenda zake.

Nikahamisha kamba ya nepi, tukangoja. Jioni moja nikaona wale wadogo wakitoka, wakiruka ovyo nyuma ya mama zao. Dari iliponyamaza kabisa siku kadhaa, tukaziba.

Mama mkwe bado ananiambia uji wangu una madonge. Namjibu, tunagombana. Halafu namkumbuka pale mlangoni, akijitwika maneno ya mtaa mzima kwa ajili yangu bila kuombwa, na ninamwekea kiti karibu na jiko.