Radhi Niliyoitafutia Kanga

Bibi yangu alifundisha darasa la kwanza pale Kigombe mpaka akastaafu, na alipostaafu akaendelea kufundisha barazani kwake. Watoto wa mtaa walijaa na madaftari yao, naye akiwashika mkono mmoja mmoja kuwaonyesha namna ya kuandika. Akipita dukani akakuta bango limekosewa herufi, haondoki mpaka lifutwe. Mwenye duka ananuna, lakini angefanya nini? Naye alijifunzia kusoma kwa bibi.

Mimi alinilea yeye, na alitaka niwe mwalimu baada yake. Nikaenda chuo, mwaka wa pili nikaacha, nikafungua kiduka cha vipodozi Usagara, Tanga mjini. Aliposema nimemtia aibu, nikamjibu, tena mbele ya wanafunzi wake: "Ualimu umekupa nini, bibi, zaidi ya kifua cha vumbi la chaki?" Alimgeukia mtoto aliyekuwa akisubiri, akamshika mkono, wakaendelea kuandika. Nikaondoka bila kuaga. Kiburi changu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Miaka miwili hatukusemeshana. Kisha shangazi akanipigia simu: bibi hali, halali, kama nina akili niende nikamtake radhi. Kwetu mtu mzima huendi kumtaka radhi mikono mitupu, nikaona nimpelekee doti ya kanga. Balaa likaanza hapo. Bibi alikuwa akisoma maneno ya kanga kama anayesahihisha daftari. Hii nikiishika, naona atadhani namsuta. Ile, maneno mazuri lakini imekosewa herufi. Nilizunguka maduka ya Tanga siku tatu nzima nikitafuta kanga isiyo na kijembe. Siku tatu! Mjinga mimi.

Siku ya nne mchana nikaipata, nikapanda gari moja kwa moja, simu nimeisahau nyumbani. Kufika Kigombe nakuta viatu vimejaa mlangoni na wanawake wanasoma Yasini. Bibi alikata roho alfajiri, na wanaume walikuwa wameshatoka makaburini. Sikuuona hata uso wake.

Jirani aliyemuuguza, mama mmoja muuza vitumbua, alinivuta uani alikokuwa akiosha vyombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Jana alasiri alikuwa akikuita. Macho hayaoni tena, anaita tu, anaita. Nikamhurumia, nikaitika labeka. Akanishika mkono akidhani ni wewe. Akasema, 'Nimekuwia radhi, mjukuu wangu. Nawe niwie radhi, nilikulazimisha.' Nikamwambia, nimekuwia radhi, bibi. Ndipo akatulia."

Akajifuta machozi kwa upande wa kanga yake. "Nisamehe, mwanangu. Haikuwa haki yangu kuitika."

Wallahi nilitaka kumfokea. Radhi yangu mimi, kaipokea mtu mwingine, na msamaha wangu kautoa yeye! Lakini nilipokuwa nikisoma kanga madukani, aliyekuwa akimgeuza bibi kitandani na kumlisha uji ni nani? Ni huyu.

"Alikushika mkono upi?" nikamuuliza.

Akauinua wa kulia, unachuruzika maji ya vyombo. Nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikaubusu, nikashindwa kuuachia.