Bweni la Mto wa Chumvi

Esteri alipoolewa Murubona, Kasulu, jioni ya kwanza mama mkwe wake alimketisha jikoni akampa masharti ya nyumba ile. Mengi ameyasahau. Moja halikumtoka: jina la baba mkwe wake halikupaswa kupita kinywani mwake, awe amekasirika, awe anaumwa, awe peke yake shambani. Ndivyo ukoo ule ulivyoishi, na mke aliyelitamka alihesabiwa kama amemvua mzee nguo barabarani.

"Hata ukiota," mama mkwe akasema, "ota jina lingine."

Wakacheka wote wawili.

Mzee mwenyewe aliitwa Ruchugi. Mama yake alijifungua kwenye ukingo wa mto wenye jina hilo, akitoka Uvinza kufuata chumvi, na hakuona haja ya kumtafutia jina jingine. Kwa hiyo Esteri, kwa kuolewa tu, alipoteza na mto. Alipolazimika kuutaja alisema "mto wa chumvi," na nyumbani kila mtu alimwelewa.

Nyumba ile ikapungua watu. Mama mkwe alitangulia. Theonest, mume wa Esteri, fundi mwashi mwenye mikono iliyokauka kwa saruji, akaugua kifua akafa. Nickson, mtoto wao wa pekee, alikwenda Kahama kutafuta maisha, na tangu hapo akawa sauti ya kwenye simu. Wakabaki wawili: Esteri, na mzee ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Alimwita Data, kama Waha wanavyomwita baba. Naye mzee alimwita Mama Nickson.

Chuo kikuu kilipofunguliwa juu ya kilima nje ya mji wa Kasulu, walitafutwa walinzi wanawake kwa ajili ya mabweni ya wasichana. Esteri akapata gwanda la bluu, rungu, filimbi, redio ya upepo, na buti zilizomzidi hata akazijaza vitambaa mbele. Watu hudhani ulinzi ni kukamata wezi. Yeye wezi aliwaona mara chache sana. Aliwaswaga ng'ombe wa jirani waliopenda majani ya mbele ya maktaba. Aliua nyoka bafuni huku wasichana wamepanda juu ya masinki. Aliwasindikiza waliochelewa kusoma, akatafuta funguo zilizopotea, akakaa na waliopigiwa simu ya msiba. Kuna kijana mmoja alijaribu kuingia bwenini amejifunga kanga mbili, amejitanda hadi puani, anasema amekuja kumwona mpwa wake.

"Karibu, shangazi," Esteri alimwambia. "Ila kanyoe kwanza ndevu, mpwa wako asije akashtuka."

Mabweni yalikuwa matatu, na chuo kiliyapa majina ya mito ya Kigoma: Malagarasi, Moyowosi, Ruchugi. Esteri alipangiwa la tatu. Siku ya kwanza, alipotakiwa kutoa taarifa kwa redio, alisema, "Hapa ni mto wa chumvi. Hali shwari, ova."

Aliyekuwa chumba cha mawasiliano ni Gharibu, mtu wa Ujiji, mwepesi wa utani. "Chumvi, nimekupata," akajibu. "Pilipili naye yuko wapi?"

Tangu siku hiyo bweni lile likawa Chumvi kwa walinzi wote, na madereva, na wafagiaji. Halikuwa tena fumbo la Esteri. Lilikuwa jina la mahali.

Katika bweni hilo aliishi Shadia, mwanafunzi wa ualimu kutoka Kibondo mjini, binti wa muuza vitambaa anayeitwa Nurudini. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye pumu iliyomfanya azungumze kwa vipande, kama mtu anayepanda mlima. Jioni alipenda kukaa kwenye benchi la mlinzi, kichupa chake cha dawa ya kuvuta kikiwa kiganjani. Yeye ndiye aliyeuliza waziwazi kwa nini Mama Chumvi halitaji bweni lake, na Esteri akamweleza.

"Lazima nikutege siku moja ulitaje," Shadia alisema.

"Huniwezi."

"Haya. Mto unaoingia Malagarasi kule Uvinza unaitwaje?"

"Unaitwa nenda kasome."

Mchezo huo ukawa wao. Shadia aliuliza akitoka kuoga, akienda mtihani, akirudi sokoni. Aliuliza kwa sauti ya mwalimu, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Esteri alimjibu kila mara jibu jipya, na moyoni alikuwa akiyaandaa majibu hayo mapema, njiani kuja kazini.

Gharibu alipostaafu, akaletwa Mwanaamina, binti wa Pangani aliyepangiwa huku na hajui hata baridi ya Kasulu inaanza mwezi gani. Alifundishwa redio, akaonyeshwa ramani ya chuo. Hakuna aliyemwambia kuhusu Chumvi. Si kwamba walimficha. Ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba jua linatoka mashariki.

Ikafika Agosti, majira ambayo watu huchoma mashamba na milima yote ya Buha hugeuka rangi ya majivu. Jumamosi moja alasiri wanafunzi walikuwa uwanjani kwenye mpira. Upepo ukageuka, moshi ukapanda kilimani. Esteri alisikia kitu kikianguka ndani. Alimkuta Shadia ukumbini, amekaa sakafuni, mabega yanapanda na kushuka, kichupa kiko mkononi na hakitoi kitu.

Akashika redio. "Mgonjwa! Leteni gari Chumvi! Haraka!"

"Rudia, ova," Mwanaamina akasema.

"Chumvi! Mgonjwa yuko Chumvi!"

Mwanaamina aliangalia ramani, hakuona Chumvi. Akafikiri mahali pekee ambapo mtu angeweza kuitafuta chumvi: bwalo la chakula, kwenye stoo. Akamwambia Abdalah, dereva wa gari la doria, "Mgonjwa, bwaloni, kimbia." Angemwambia neno lile lenyewe, Abdalah angeenda moja kwa moja. Lakini alimtafsiria, kwa nia njema. Abdalah akakimbia, akawakuta wapishi wanamenya ndizi.

"Mgonjwa gani?" wakamcheka. "Hapa wote tunakula kuliko wanafunzi."

Esteri alikuwa amekwisha kumwegemeza Shadia kifuani, anamfungua vifungo vya shingoni. Redio ikasema, "Gari limefika, ova."

"Limefika wapi? Hapa halipo! Ni bwenini!"

"Bweni gani?"

"Bweni la mto!"

Sauti ya Mwanaamina ikapanda: "Yote ni mito, dada. Mto upi?"

Shadia alimtazama. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, macho yamefunguka sana, na Esteri hatajua kamwe kama macho yale yalikuwa yakiomba au yakiuliza lile swali lao. Jina lilimjia. Lilipanda hadi kwenye meno. Akamwona mama mkwe jikoni, akamwona mzee nyumbani amekaa peke yake na blanketi magotini, na kinywa kikafunga chenyewe kama jicho linavyofunga likirushiwa mchanga.

"Lile la mwisho," akasema. "La mwisho!"

"Mwisho kutokea wapi?"

Akaitupa redio. Akamweka Shadia mgongoni, akamfunga kwa kanga iliyokuwa imeanikwa dirishani, kama mama anavyombeba mtoto wa kwenda naye shamba, akateremka mbio. Buti moja ilibaki njiani. Alikutana na gari kwenye mikaratusi. Hapo mgongo wake ulikuwa umeshamwambia, kwa sababu pumzi iliyokuwa ikimkwaruza shingoni ilikuwa imetulia.

Daktari alisema kifua kilibana vibaya, kwamba huenda hata kama gari lingewahi mambo yangekuwa yaleyale. Wengine waliishika hiyo "huenda." Esteri hakuweza kuishika.

Kikaitwa kikao. Afande Godson, mkuu wa ulinzi, polisi mstaafu kutoka Mbeya, hakuwa mtu mkatili. Alisikiliza kanda ya sauti akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza, "Esteri, bweni unalolinda linaitwaje?"

Esteri akaangalia sakafu.

"Litaje tu. Neno moja. Nataka wenzangu wasikie kwamba unalijua."

"Ninalijua, afande."

"Basi litaje."

Machozi yalimtoka, jina halikutoka. Afande Godson akafunga kalamu yake. "Mtoto wa watu amekufa," akasema polepole, "na hata leo huwezi?"

Nje, Mwanaamina alikuwa amechuchumaa ukutani. "Dada Esteri, mimi ningejuaje?" akasema. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hukukosea, mwanangu," Esteri akamjibu. "Ulisikia nilichosema."

Hawakumfukuza. Walimwacha amalize mkataba kwenye geti la magari, kisha hawakuuongeza. Na ili jambo lile lisirudie, mabweni yote yakapewa namba. Wachoraji walikuja wakapaka rangi nyeupe juu ya majina, wakaandika Moja, Mbili, Tatu. Tatu. Neno ambalo Esteri angelitamka hata usingizini.

Baada ya kurudisha gwanda alipanda basi la Kibondo. Vumbi la Makere liliingia dirishani, akaliacha limkae usoni. Nyumbani kwa Nurudini alipiga makofi taratibu, kama anavyoamkia Muha, akaitikiwa kwa salamu za Kiislamu, akakaribishwa mkekani. Kuruthumu, mama yake Shadia, alikuwa na uso uleule mwembamba. Hakuuliza juu ya redio wala gari. Labda walikwisha kumwambia, labda hakutaka.

"Wewe ndiye uliyembeba," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Alikuwa akituambia kwenye simu anakoishi, ni jina la mto. Mimi sikwenda shule, nimelisahau. Nikikumbuka mwanangu nataka nijue ni wapi. Ni bweni gani?"

Esteri aliangalia mikono yake. Hapakuwa na wa kumwokoa tena, na labda kwa sababu hiyo kinywa kikafunguka.

"Ruchugi," akasema.

Hakuna aliyegeuka. Mtu alikuwa anamimina chai sebuleni, akaendelea kumimina.

"Ruchugi," Kuruthumu akarudia, akilipima. "Ruchugi. Ndiyo. Ndivyo alivyokuwa akisema."

Esteri alifika Murubona jua limeinama. Mzee alikuwa kitandani, uso umeelekea mlangoni. Alikuwa ameshasikia mambo yote kutoka kwa majirani, hata ile habari ya rangi.

"Nasikia wamelifuta pale chuoni," alisema.

"Wamelifuta, Data. Wameweka namba."

"Na Kibondo?"

Esteri akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nimelitaja, Data. Nisamehe. Mama wa mtoto aliniuliza."

Mzee hakukasirika. "Mama aliniita hivyo," akasema. "Na ndugu zangu, na mke wangu kwa mafumbo yake. Wote wamekwenda. Sasa na ukuta wameufuta. Mama Nickson, humu ndani hakuna aliyebaki wa kuniita. Niite wewe."

Alikuwa akimwomba. Esteri hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Alikwenda jikoni, akasonga ugali wa muhogo, akapakua maharage. Alirudi na sahani, akasimama kando ya kitanda, na mzee akasubiri, kichwa kimeinuliwa kidogo kutoka kwenye mto wake wa pamba, kama mtu anayesikiliza hatua kwa mbali. Midomo ya Esteri ilifunguka. Mvuke wa chakula ulipanda katikati yao ukaisha.

"Data," akasema, "chakula."