Mzigo wa Mabehewa Kumi na Tisa

Mzee Ambokile aliporudishwa nyumbani Maneromango kutoka hospitali, alikuwa amebaki na neno moja. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote ya miaka yake sabini, Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza cha kazini, kikamwachia "ndiyo". Akiulizwa kama ana njaa, ndiyo. Akiulizwa kama ameshiba, ndiyo. Siku ya kwanza mkewe, Bertha, alimlisha mara mbili mpaka akatapika, ndipo alipoelewa.

Binti yao wa pekee, Evaline, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibaha na aliishi karibu na kituo cha Kwa Mathias. Aliomba ruhusa ya wiki mbili akaja kumsaidia mama yake. Jioni ya tatu alikaa sebuleni peke yake na kwa mara ya kwanza akaitazama treni ya baba yake vizuri.

Ilikuwa imepangwa kwenye ubao mrefu uliopigiliwa ukutani, kutoka mlango wa chumbani mpaka dirishani. Injini na mabehewa kumi na tisa, yote ya mizigo. Mzee Ambokile alikuwa gadi, yaani msimamizi anayekaa behewa la mwisho, wa treni za mizigo kwenye reli ya kati kwa miaka karibu thelathini. Alipostaafu akahamia kwao mkewe, akapanda mikorosho na mananasi, na saa za jua kali alikaa barazani akitengeneza mabehewa. Hayakuwa magari ya mabati ya kuchezea watoto. Kila sentimita mbili zilikuwa mita moja. Magurudumu yalichongwa na fundi wa kerezo wa Kibaha, na fundi huyo alirudishiwa kazi mara tatu kwa sababu ukingo wa gurudumu ulikuwa mnene mno. Namba za mabehewa aliziandika kwa unyoya wa kuku.

"Watu wakikumbuka treni wanakumbuka ya abiria," alikuwa akimwambia Evaline kwenye simu. "Behewa la mizigo nani atalikumbuka? Na nchi nzima imepita mle ndani."

Evaline alikuwa akiweka simu mezani, sauti juu, huku anasahihisha madaftari. "Eeh, Baba," alijibu. "Eeh." Kwa miaka kumi na mmoja tangu astaafu mzee alimweleza mambo ya mabehewa, na sasa alipojaribu kukumbuka hata sentensi tatu, hazikuja.

Chini ya ubao palikuwa na kaunta buku. Kila behewa lilikuwa na mstari wake: namba, aina, urefu, rangi, idadi ya mbao za mlango. Saba ya kufunikwa, manne wazi, matano ya ng'ombe, matangi mawili, na la mwisho la gadi. Safu ya mwisho ilikuwa na neno MZIGO juu, na chini yake hakuna kitu. Mistari kumi na tisa mitupu.

"Alikuwa anasema mzigo unawekwa mwisho," Bertha alieleza. "Alitaka iwe treni moja aliyoiongoza kweli, na kila behewa libebe kile lilichobeba siku ile."

"Siku ipi, Mama?"

"Hakuniambia. Nilimuuliza, akasema nitaiona ikiisha."

Mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akimnyoosha mzee viungo alishauri wamzungukie na vitu anavyovipenda. Evaline akaamua ataijaza treni mwenyewe. Alidhani itakuwa kazi ya likizo moja.

Alianza kwa kumuuliza baba yake. Alimkalisha kwenye kiti mbele ya ubao.

"Baba, hii treni inapanda bara au inashuka Dar?"

"Ndiyo," mzee akasema, macho yakimng'aa.

"Inapanda?"

"Ndiyo."

"Inashuka?"

"Ndiyo." Mkono wa kushoto ukapiga goti, taratibu, kama mtu anayemsubiri mwanafunzi mzito aelewe.

Mtaalamu alikuwa amesema pia kwamba badala ya kuuliza waonyeshe. Evaline akaweka vikombe viwili, kimoja cha pamba, mzigo wa kushuka, kimoja cha saruji, mzigo wa kupanda. Mzee alivitazama kwa muda mrefu, akashika pamba. Evaline alitaka kulia kwa furaha. Kesho yake akarudia, kwa uhakika tu, na mzee akashika saruji kwa uso uleule wa mtu anayejua anachofanya.

Aliporudi Kibaha aliendelea kutafuta kila mahali alipoweza kufika. Ofisi moja ya reli mjini ilimjibu kwa upole kwamba vitabu vya mizigo vya miaka ile havikuwekwa. Vilihifadhiwa kwa muda wake, kisha vikatupwa kama karatasi nyingine yoyote. Kwenye mtandao alipata picha ya behewa la kufunikwa lenye namba inayokaribiana na mojawapo ya namba za baba yake, limesimama tupu, mlango wazi, mbuzi amelala kivulini. Aliingizwa kwenye kundi la simu la wastaafu wa reli, akaweka picha za treni. Ndani ya saa moja alipata majibu arobaini. Mmoja alisema hiyo ni treni ya chumvi ya Uvinza, bila shaka yoyote. Mwingine alisema chumvi haijawahi kusafiri na ng'ombe. Wa tatu aliapa kwamba ni tumbaku ya Tabora, maana yeye mwenyewe aliipakia. Kisha wakaanza kuulizana habari za wagonjwa na marehemu, na treni ikasahaulika.

Kwa jambo moja tu walikubaliana, na hilo ndilo lililomkata miguu. Ng'ombe walishuka Dar, hawakupanda. Mafuta yalipanda bara; hayakushuka. Kwa hiyo kama mabehewa ya ng'ombe yalijaa, matangi yalikuwa matupu, na kama matangi yalijaa, ng'ombe hawakuwamo. Mzigo wa treni nzima ulitegemea swali lile la kwanza, na mtu pekee mwenye jibu angesema ndiyo.

Katika kundi lile kulikuwa na mtu aliyeandika kidogo sana. Baada ya wiki mbili akatuma ujumbe wa sauti. Alikuwa anaitwa Kibwana, aliyekuwa mtu wa pointi Magindu, yaani aliyebadilisha njia za treni pale stesheni. "Baba yako namjua," alisema. "Njoo tuongee. Mambo haya si ya simu."

Evaline alikwenda Jumamosi. Alishuka Mlandizi, akachukua bodaboda, akafika Magindu vumbi likiwa mpaka kwenye nyusi. Kibwana alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, anafuga mbuzi na ng'ombe wachache nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umefanana naye paji la uso. Hajambo?"

Evaline alimweleza. Kibwana alisikiliza akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa. "Ambokile hana maneno," alisema. "Yule! Alikuwa anateremka kwenye behewa lake hata kabla treni haijasimama, tayari anasimulia."

Evaline akamwonyesha picha kwenye simu. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Alipofika kwenye mabehewa ya ng'ombe akaweka kidole juu yake.

"Kuna treni moja," alisema. "Masika ya sabini na tisa, au themanini. Mto Ruvu ulifurika ukala tuta mbele yetu. Treni ya baba yako ilikuwa inatoka bara, ikashikiliwa hapa hapa. Siku tatu. Ina ng'ombe wanaopelekwa mnadani Pugu. Maji kila mahali, binti yangu, lakini ya kunywa ng'ombe yalikuwa bondeni kule, na hatukuwa na ruhusa ya kuwashusha. Mimi na baba yako tulibeba madebe. Unapanda na debe, unapenyeza karai katikati ya mbao, wanaligombania, linamwagika. Unashuka tena. Siku ya pili walianza kuanguka. Ng'ombe akianguka mle ndani hainuki, wenzake wanamkanyaga. Kumi na mmoja walikufa. Baba yako alikaa kwenye reli akalia. Mtu mzima, na sare yake."

"Hakutusimulia."

"Na mimi sijawahi kuwasimulia wangu. Unaanzaje?"

Evaline alitoa daftari. "Mzee, treni hiyo ilikuwa na mabehewa kumi na tisa? Ilikuwa na matangi mawili?"

"Matangi yalikuwapo, matupu, yanarudi. Idadi siijui. Nani anahesabu mabehewa wakati ng'ombe wanalia?"

"Na yale saba ya kufunikwa?"

"Hayo sitakudanganya. Yalikuwa na lakiri mlangoni, ule muhuri usiovunjwa njiani. Kinachofungwa na lakiri mtu wa pointi hakioni."

"Kwa hiyo huenda ndiyo yenyewe."

"Huenda," Kibwana alisema. "Alipita hapa mara mia kadhaa, mwanangu. Huenda aliipenda nyingine, siku ambayo haikutokea lolote."

Maneno hayo alirudi nayo mpaka Kwa Mathias. Usingizini na darasani alibishana nayo. Kama treni ile ndiyo aliyoitengeneza baba yake kwa miaka kumi na mmoja, kumwekea ng'ombe kulikuwa kumkamilishia kazi. Kama sivyo, kulikuwa kumrudishia siku aliyoificha maisha yake yote, akiwa hana hata neno la kusema acha. Alitafuta mtu wa kumuuliza. Mchungaji alimwambia aombe. Mwalimu mwenzake alimwambia anajisumbua na kitu cha kuchezea.

Likizo ya Juni alikwenda Maneromango. Barabara ilikuwa bado mbaya, gari lilikwama mara mbili baada ya Kisarawe. Yeye na mama yake walikanda udongo wa kichuguu, wakafinyanga ng'ombe wadogo hamsini, kumi kwa kila behewa. Bertha alijua kuwatengenezea nundu. Hakuuliza kwa nini ng'ombe. Alifurahi tu kupata kitu cha kufanya zaidi ya kufua mashuka. Mabehewa wazi Evaline aliyapa vijiti vya mninga kama magogo, kwa kukisia tu. Yale saba ya kufunikwa aliyafunga milango akayaacha.

Asubuhi waliyomleta mzee sebuleni, Evaline alikuwa amechelewesha mpaka chai ikapoa. Walimkalisha. Aliangalia injini, akaangalia magogo. Macho yakafika kwa ng'ombe.

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaingiza kidole katikati ya mbao za behewa la kwanza, akagusa mgongo wa ng'ombe mmoja. Akabaki hivyo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka ambayo Bertha, aliyeolewa naye miaka arobaini na tatu, hakuwahi kuisikia.

"Baba," Evaline alisema akiwa amepiga magoti, "ni hii? Ndiyo treni uliyoitaka?"

"Ndiyo," mzee akalia.

"Au nimekosea? Niwatoe?"

"Ndiyo. Ndiyo."

"Baba, nikiwaacha nishike mkono. Nikiwatoa uniachie."

Mzee alimshika mkono, akauachia, akaushika tena kwa nguvu, akauachia. Bertha akasema, "Mwache, Eva, unamchosha," akamfuta uso kwa upande wa kanga.

Siku hiyo Evaline aliwatoa ng'ombe akawapanga kwenye sinia. Jioni baba yake alitazama mabehewa matupu bila kula. Kesho yake akawarudisha, na mzee akalia tena, ila kidogo. Siku ya tatu hakulia wala hakutazama. Aligeuza uso upande wa dirisha. Evaline hakujua kama huo ulikuwa utulivu au hasira. Aliandika kwenye kaunta buku, kwenye safu ya mzigo, mbele ya mabehewa matano, "ng'ombe", akaongeza alama ya kuuliza. Mbele ya saba ya kufunikwa aliandika "haijulikani" mara saba, kwa mwandiko wa kumsomesha mtoto wa darasa la kwanza.

Ijumaa Kibwana alipiga simu kutaka kumsikia rafiki yake. Evaline aliweka sauti juu, akamshikia baba yake simu sikioni.

"Ambokile! Kibwana hapa, wa Magindu!"

"Ndiyo!" Mzee alijiinua kitini.

"Unakumbuka yale madebe?"

"Ndiyo."

"Na yule fahali mweusi aliyetoka mzima?"

"Ndiyo. Ndiyo."

Waliongea dakika ishirini hivi, Kibwana akisimulia, akicheka, akinyamaza, na mzee akimjibu kila anapopumua. Alipomaliza, Kibwana akaomba kuongea na binti. Evaline alitoka na simu uani.

"Unaniambia hana maneno," sauti ya Kibwana ilikuwa imejaa machozi. "Anakumbuka kila kitu! Hata fahali mweusi! Ahsante sana, mwanangu, sijui nikushukuru vipi."

Evaline alifungua mdomo. Kutoka ndani alimsikia baba yake akiendelea peke yake, ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu aliye katikati ya hadithi ndefu.

"Karibu, Mzee," alisema.

Jumapili alirudi Kibaha, kwa sababu Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Ng'ombe aliwaacha ndani ya mabehewa. Njiani alifikiria mara mbili kumpigia mama yake amwambie awatoe, na mara zote mbili aliirudisha simu kwenye mkoba.