Nyamaza Nihesabu

Cheche hakupewa jina hilo kwa sababu ya kuchomelea vyuma tu. Ni hasira zake. Ukimwambia geti alilokutengenezea limepinda, anakwambia labda ni shingo yako ndiyo imepinda. Watu walishamzoea, wanampisha. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumfokea Cheche na Cheche akainamisha kichwa: baba yake.

Baba alikuwa dobi. Chumba kimoja, meza ya kupigia pasi, kamba sita za kuanikia nyuma. Na mdomo, jamani! Mzee yule anafua anaongea, anaanika anaongea, ana vibanio vitatu mdomoni na bado anaongea. Kila nguo ilikuwa na habari yake, na kila mteja alizijua za wenzake. Mkewe alipofariki, watu walidhani atanyamaza. Alizidisha.

Siku moja kifua kikambana akiwa ameshika pasi. Pasi ikabaki juu ya shati jeupe la mteja, ikaacha alama yake katikati ya mgongo. Miaka thelathini na tano kazini, hajawahi kuunguza hata leso. Cheche alilitazama lile shati. Mama yake bado hajamaliza miaka miwili kaburini. Akasema kwa sauti, kama vile kuna mtu anabishana naye, "Huyu haendi. Huyu sikubali."

Nesi wa zahanati ndiye aliyewafundisha kukimbia.

"Mia mbili na ishirini, toa umri. Mzee una miaka mingapi?"

"Sitini. Lakini ya usoni ni arobaini."

"Haya, wa usoni. Inabaki mia na sitini. Hapo ndipo moyo wako unapoishia, kwa kukisia tu. Usiufikishe huko. Kimbia taratibu, mapigo yacheze kwenye mia, mia na kumi hivi." Akachukua vidole viwili vya Cheche akaviweka kwenye kifundo cha mkono wa baba. "Hesabu sekunde kumi na tano, zidisha kwa nne. Na kuna kipimo cha pili: awe anaongea huku anakimbia. Akishindwa kuongea, simameni."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Nesi, hicho cha pili mimi nimeshafaulu."

Wakaanza. Alfajiri, kabla ya kazi, wanazunguka uwanja wa mpira, wawili tu. Kila mzunguko Cheche anamsimamisha baba golini, anamshika mkono, macho kwenye saa. Wakirudi, baba anachukua kipande cha kitambaa cheupe na ule wino wake wa kuandikia kola za wateja, anaandika namba ya siku hiyo, anakibana kwenye kamba ukutani. Mia na nane. Mia na nne. Mia na kumi na mbili.

Tatizo lilikuwa ule mdomo.

"Kuna mteja mmoja aliacha meno ya bandia kwenye mfuko wa koti. Basi mimi bila kujua..."

"Kumi na tisa, ishirini... Mzee! Nyamaza nihesabu! Ona, nimepotea tena."

"Mwanangu, kwani moyo unapiga kwa masikio yako?"

"Nyamaza, baba!"

Baba anaziba mdomo kwa kiganja kama mtoto wa shule, macho yanacheka. Mzunguko unaofuata anaanza upya: "Basi yule wa meno..." Na Cheche anamkata palepale.

Miezi minne hivyo, na mzee akapendeza. Kisha akaenda kliniki ya presha, akakuta daktari mwingine, akabadilishiwa vidonge. Akameza. Hakuuliza ni vya nini hasa, na Cheche naye hakuuliza. Kidonge ni kidonge.

Wiki iliyofuata, golini, Cheche akahesabu ishirini na moja tu. Akarudia. Ishirini na moja. Themanini na nne! Nesi aliwahi kuwaambia mtu akizoea mazoezi mapigo hushuka, moyo umepata nguvu. Cheche akamkumbatia baba yake pale uwanjani.

"Mzee, umekuwa kijana! Sasa tuongeze mwendo, tuitafute mia yetu."

Wakaitafuta. Wakakimbia zaidi, na mia ikawa haifiki. Baba akaanza kushika mlingoti wa goli kila anaposimama.

"Miguu mizito leo."

"Uvivu huo. Namba inasema bado."

Na habari ya meno ikakoma. Mzunguko wa kwanza kimya, wa pili kimya. Cheche akafurahi. Akajisemea, hatimaye mzee ameelewa, sasa nahesabu kwa raha.

Asubuhi ya mwisho alihesabu ishirini na tatu. "Tisini na mbili. Bado, baba. Mmoja tu." Baba alifungua mdomo kutaka kusema kitu. Cheche alikuwa anarudia kuhesabu, akainua kidole kumnyamazisha. Baba akafunga mdomo, akakimbia. Hakufika nusu. Alikaa chini kwenye nyasi kama mtu anayefunga kamba za viatu, kisha akalala. Cheche alimbeba mgongoni mpaka zahanati, anamfokea njia nzima: amka, mzee, ongea basi, ongea!

Baada ya mazishi nesi aliomba kuviona vile vidonge. Akasoma pakiti, akakaa.

"Hivi vinaushika moyo usiende mbio. Hata angekimbizwa na chui, namba isingepanda vile. Sijui kama ndicho kilichomuua, moyo wake uliumwa tangu mwanzo. Ila namba haikuwa inawaambia ukweli. Na mimi sikumuuliza anameza nini." Akamtazama. "Alikuwa anaongea?"

Cheche aliupiga teke mlango wa zahanati akatoka.

Jumamosi yeye na dada yake walikwenda kukifunga kile chumba, warudishe nguo za wateja. Vitambaa vilikuwa bado kwenye kamba. Mia na nane, mia na nne, mia na nane, halafu ghafla themanini na nne, na kuendelea. Ilionekana hata kwa mtu asiyejua kitu, kama ngazi iliyovunjika.

Dada alikuwa anakunja koti. Akaingiza mkono mfukoni, akatabasamu kidogo.

"Ile habari ya meno ya bandia ilikuwaje? Mimi alinianzia kwenye simu, salio likaisha."

"Mteja aliyaacha kwenye koti," Cheche akasema. "Mzee akafua bila kujua. Sijui akaanika..."

"Halafu?"

Cheche alifungua mdomo. Ile habari alianziwa labda mara hamsini.

"Halafu nilikuwa namwambia anyamaze," akasema.